Waraka ni Nusu ya Kuonana: Barua na Mbegu za Wataalamu wa Mimea katika Karne ya Kumi na Nane

Katika historia ya elimu ya mimea jambo moja husahauliwa mara kwa mara, nalo ni kuwa sehemu kubwa ya elimu hiyo ilijengwa na watu ambao hawakupata kuonana kwa macho. Mtu aliyekaa Uppsala, nchini Sweden, aliweza kueleza umbo la majani ya mti wa Amerika na hesabu ya viungo vya ua lake, ilhali hakupata kuikanyaga nchi ile hata siku moja. Aliyaweza hayo kwa sababu mtu mwingine alikuwa amepanda mlima, akachuma tawi, akalikausha baina ya karatasi, akaandika barua, akamkabidhi nahodha. Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Kwa wataalamu wa mimea wa karne ya kumi na nane waraka ulikuwa zaidi ya nusu. Mara nyingi ulikuwa ndio kuonana kwenyewe, mwanzo wake na mwisho wake.

Habari za barua hizo zimehifadhiwa kwa wingi, na zinapendeza kusomwa kwa ajili ya mambo mengi: urafiki, ugomvi, biashara, subira na tamaa. Lakini ndani yake limo swali moja ambalo halina budi kuulizwa. Katika ushirika ule wa kupeana mbegu, fedha zilikuwa chache, na malipo makubwa yalikuwa ni jina la mtu kuandikwa kitabuni. Je, ni nani waliolipwa malipo hayo, na ni nani waliofanya kazi wasilipwe?

HAJA YA WARAKA

Kabla ya mwaka 1753 mmea haukuwa na jina moja lililokubaliwa na wote. Kila mtaalamu aliuita kwa sentensi nzima ya Kilatini, iliyotaja majani, maua, mashina na pengine nchi ulikotoka, na sentensi ya mmoja haikulingana na ya mwenziwe. Watu wawili waliweza kubishana miaka mitatu juu ya mimea miwili, kisha wakagundua kuwa walikuwa wakisema juu ya mmea mmoja. Njia ya kukata ubishi huo ilikuwa ni kuuweka mmea wenyewe mezani. Basi mmea ulikaushwa, ukabandikwa kwenye karatasi, ukapelekwa.

Hata hivyo mmea uliokauka ni shahidi asiyesema yote. Rangi ya ua lake imepotea, harufu imekwisha, na urefu wa mti hauonekani katika tawi la shubiri mbili. Hausemi kama uliota kinamasini au mwambani, wala kama wenyeji waliutumia kwa dawa au waliuogopa kwa sumu. Hayo yote yalikuwa kazi ya barua. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo lisemavyo neno la wenye maduka; na mmea bila barua ulikuwa ni jani kavu tu, usioweza kumfundisha mtu neno. Vivyo hivyo barua bila mmea ilikuwa maneno matupu, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuyapima. Ndiyo sababu viwili hivyo vilisafiri pamoja, navyo vilithaminiwa pamoja.

Mtu aliyefaidika kupita wote kwa mtindo huo alikuwa Carl Linnaeus, aliyezaliwa Sweden mwaka 1707. Alipokuwa bado kijana alikwenda Uholanzi mwaka 1735, na huko Leiden akamwonyesha tabibu mmoja jina lake Gronovius karatasi chache za mpango wake wa kuvigawa viumbe katika makundi. Gronovius alipendezwa nazo hata akasaidia kulipa gharama za kuzichapisha. Linnaeus aliporudi kwao na kuwa profesa wa Uppsala mwaka 1741, hakutoka tena katika Sweden, lakini dunia ilimfuata mlangoni kwake kwa njia ya barua. Waliomwandikia katika maisha yake wanahesabiwa kwa mamia, na barua zilizosalia ni maelfu. Mwaka 1753 alitoa kitabu chake kikubwa cha mimea, chenye aina karibu elfu sita, na ndani yake kila aina ikapewa jina la maneno mawili tu. Jina fupi lilikuwa rahisi kuandikwa pembeni mwa kielelezo, rahisi kutajwa katika barua, na rahisi kukumbukwa. Yaweza kusemwa kuwa jina hilo lilikuwa ni zana ya kazi kwa watu walioandikiana.

MFANYABIASHARA NA MKULIMA

Hakuna mfano unaoonyesha mambo hayo vizuri zaidi kuliko ule wa Peter Collinson wa London na John Bartram wa Pennsylvania.

Collinson alizaliwa mwaka 1694. Kazi yake ilikuwa kuuza nguo, na wateja wake wengi walikuwa katika makoloni ya Uingereza huko Amerika. Dini yake ilikuwa ya Quaker, watu wajiitao Marafiki, ambao katika karne ya ishirini walipata wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Alipenda bustani kuliko duka. Kila meli iliyokwenda Amerika na majora yake ilikwenda pia na ombi lake kwa wateja, kwamba wamtafutie mbegu za miti ya kwao. Wengi waliahidi, wachache walitimiza. Hata ilipofika kama mwaka 1733, marafiki zake wa Philadelphia walimtajia mtu mmoja ambaye angeweza kumfaa.

Mtu huyo alikuwa mkulima. John Bartram alizaliwa mwaka 1699, akasoma shule kidogo tu, na mwaka 1728 akanunua shamba Kingsessing, kando ya mto Schuylkill, karibu na Philadelphia. Nyumba yake ya mawe aliijenga kwa mikono yake. Naye alikuwa wa madhehebu ya Quaker. Alijifunza Kilatini kiasi cha kumwezesha kusoma vitabu vya mimea, lakini elimu yake ya kweli ilikuwa ya miguu na macho: aliijua misitu ya nchi ile kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake, mmoja mmoja.

Mapatano yao yalikuwa mepesi. Kila mwaka, mavuno ya nafaka yakiisha, Bartram alisafiri kukusanya mbegu za miti na vichaka, akazifunga katika masanduku, akayapeleka London. Collinson aliwatafutia masanduku hayo wanunuzi miongoni mwa mabwana wenye mashamba makubwa, na bei ya sanduku moja lenye aina kama mia moja ilikuwa gini tano. Wa kwanza na mkubwa wao alikuwa Lord Petre, kijana tajiri wa Essex aliyepanda miti ya Amerika kwa maelfu. Baada yake wakaja watawala wa Richmond, Norfolk na Bedford pamoja na wengine. Collinson mwenyewe hakujitwalia faida. Alifuatilia mizigo forodhani, akaigawa, akaandika hesabu, na akabeba kazi isiyopendwa na mtu yeyote, yaani kuwadai wakubwa waliokawia kulipa.

Uhusiano huo ulidumu zaidi ya miaka thelathini, mpaka Collinson alipofariki mwaka 1768. Katika muda huo wote Bartram hakuvuka bahari kwenda Uingereza, wala Collinson hakwenda Amerika. Hawakuonana. Lakini asomaye barua zao huona watu wawili waliojuana kwa undani, tena waliogombana kama ndugu. Collinson alimwonya mwenzake asiache shamba lake likaharibika kwa ajili ya mimea. Bartram akalalamika kuwa malipo hayakulingana na siku alizopoteza msituni. Bartram alipojiandaa kwenda Virginia, Collinson alimsihi avae vizuri, kwa kuwa watu wa kule humpima mgeni kwa nguo zake. Ilitokea pia Collinson akampelekea kofia yake aliyokwisha kuivaa, na Bartram akaona kuwa ina tundu, akalisema. Collinson akajibu kwa uchungu kwamba heri ingerudishwa, naye angeivaa miaka mingine miwili au mitatu. Jambo hilo ni dogo, lakini linaonyesha hali za watu hao. Mmoja alikuwa mjini, karibu na wakubwa, naye alijiona anatoa hisani. Wa pili alikuwa shambani, naye alijua kuwa bila miguu yake hisani hiyo isingekuwako.

SAFARI YA SANDUKU

Si rahisi leo kufahamu jinsi ilivyokuwa vigumu kulifikisha sanduku la mbegu likiwa salama. Safari ya bahari ya Atlantiki ilichukua wiki nyingi, na aliyeuliza swali katika majira ya vuli hakutazamia jibu kabla majira mengine hayajapita. Mbegu ndogo zilifungwa katika karatasi na kuwekwa pakavu. Matunda ya mialoni hayakuvumilia ukavu, kwa hiyo yalizikwa katika udongo au kuvumwani. Miche hai ilihitaji udongo, maji matamu na mtu wa kuitazama, na mabaharia hawakuwa wakarimu wa maji matamu. Collinson alifundisha kutia mizizi na udongo wenye unyevu ndani ya kibofu cha ng'ombe, shingo ya kibofu ikafungwa kuzunguka shina, kisha mche ukatundikwa chumbani mwa meli. Pamoja na hila hizo zote, panya walikula mbegu, maji ya chumvi yaliingia, na ukungu ukamaliza kilichobaki. Vita vya Uingereza na Ufaransa vilipowaka, meli za adui zilinasa mizigo baharini, na taabu ya mwaka mzima ikapotea kwa saa moja.

Kwa vielelezo vilivyokaushwa palikuwa na utaratibu mwingine, wa akili sana. Bartram alichuma matawi mawili ya kila mmea, akayapa namba moja. La kwanza alilibakiza, la pili alilipeleka. Collinson alipolipokea alilipeleka kwa mjuzi wa mimea hiyo, mara nyingi kwa Dillenius wa Oxford, na baadaye kwa Gronovius wa Leiden. Mjuzi aliandika majina mbele ya namba, na orodha ikarudi Pennsylvania. Basi Bartram alilifungua fungu lake, akaitazama namba, akajua jina. Kwa njia hiyo mkulima asiyekuwa na chuo wala mwalimu alifundishwa na maprofesa wa Ulaya, na maprofesa wa Ulaya wakafundishwa na mkulima, bila upande wowote kuondoka nyumbani.

Wala si kweli kwamba vitu vilikwenda upande mmoja tu. Collinson alipeleka Amerika mbegu na vitunguu vya maua ya Ulaya, karatasi za kukaushia mimea, vitabu na nguo. Kutoka Peking padri d'Incarville wa shirika la Jesuit alipeleka mbegu za miti ya Uchina, na baadhi yake zilimfikia Collinson. Njia ile ile ya mbegu ilipitisha na elimu nyingine. Collinson ndiye aliyewapelekea watu wa maktaba ya Philadelphia mrija wa kioo wa kufanyia majaribio ya umeme, na Benjamin Franklin alipopata matokeo yake alimwandikia Collinson. Barua hizo zilichapishwa London mwaka 1751, zikamfanya Franklin ajulikane Ulaya yote.

Mwaka 1742 Lord Petre alikufa kwa ndui akiwa na umri wa miaka 29, na pigo hilo nusura liivunje kazi nzima, kwani aliyenunua zaidi ya wote ametoweka. Collinson alitafuta wanunuzi wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka kazi ikasimama tena. Mwaka 1765 juhudi zake zilizaa tunda kubwa: Mfalme George wa Tatu alimfanya Bartram kuwa mtaalamu wake wa mimea katika Amerika, kwa paundi 50 kwa mwaka. Mwaka 1769 chuo cha wanasayansi cha Sweden kilimwingiza Bartram miongoni mwa wanachama wake.

MALIPO YA JINA

Katika ushirika huu wengi hawakulipwa fedha kabisa. Walilipwa kwa kitu ambacho Linnaeus alikuwa nacho kwa wingi, nacho ni uwezo wa kutoa majina. Aliyepeleka kielelezo kizuri alitazamia kuwa siku moja jamii ya mimea ingeitwa kwa jina lake. Collinson alipewa Collinsonia, na alipomwandikia Linnaeus kumshukuru alionyesha wazi kuwa kwake heshima hiyo ilikuwa sawa na kupewa maisha yasiyo na mwisho, maadamu watu na vitabu vipo. Pehr Kalm, mwanafunzi wa Linnaeus aliyesafiri Amerika tangu 1748 hata 1751 na kukaribishwa na Bartram, alipewa Kalmia, ambayo ni vichaka vyenye maua mazuri.

Mwenye uwezo wa kuheshimu kwa jina alikuwa na uwezo wa kuaibisha pia. Johann Siegesbeck wa St. Petersburg aliushambulia mpango wa Linnaeus wa kuipanga mimea kwa hesabu ya viungo vya kiume na vya kike vya maua, akisema kuwa ni mpango wa aibu. Jina lake likabaki katika Sigesbeckia, gugu dogo linalonata, ambalo huota hata katika mashamba ya Afrika ya Mashariki. Husimuliwa pia kwamba Linnaeus aliandika juu ya pakiti ya mbegu za gugu hilo maneno ya Kilatini yenye maana ya kekeo asiye na shukrani, na kwamba pakiti ile ilimfikia Siegesbeck mwenyewe, akaziotesha, akatambua alichotendewa.

Pengine malipo yalikuwa na kasoro. John Clayton, karani wa mahakama huko Virginia, alikuwa akimpelekea Gronovius vielelezo vingi pamoja na maelezo. Mwaka 1739 Gronovius alitoa Leiden kitabu cha mimea ya Virginia kilichotokana na kazi hiyo, bila kumwomba Clayton ruhusa kwanza. Jina la Clayton lilitajwa katika ukurasa wa mbele kuwa ndiye aliyeitazama mimea na kuikusanya, na jamii ya Claytonia ikaitwa kwa jina lake. Lakini aliyekuwa na mtambo wa kuchapisha karibu yake, na marafiki wa kuyasahihisha maneno, ndiye aliyeshika kitabu. Hapo huonekana sheria ambayo haikuandikwa popote: aliye mwisho wa safari ya barua ana nguvu kuliko aliye mwanzo wake.

TAWI LA YEMEN

Wengine waligharimu zaidi ya fedha na siku. Linnaeus aliwatuma wanafunzi wake sehemu nyingi za dunia, na kadhaa hawakurudi. Hasselquist alikufa Smyrna mwaka 1752. Löfling alikufa katika nchi iitwayo sasa Venezuela mwaka 1756. Habari ya Peter Forsskål yafaa ielezwe kwa urefu kidogo, maana nchi alikofia ni jirani ya bahari moja na Waswahili.

Forsskål alizaliwa Helsinki mwaka 1732. Mwaka 1761 aliondoka Copenhagen pamoja na wenzake watano katika msafara uliotumwa Arabuni na mfalme wa Denmark. Alijifunza Kiarabu cha watu wa kawaida, akazunguka vijijini, na alipoandika habari za mmea aliandika na jina lake kwa Kiarabu kama alivyolisikia kwa wenyeji. Miongoni mwa mimea aliyoieleza ni ule ambao Wayemeni huuita qat na watu wa Kenya huuita miraa.

Linnaeus alikuwa na haja moja iliyomkaa moyoni. Zeri ya Makka ilikuwa imesifiwa tangu zama za kale, nayo iliuzwa kwa bei kubwa, lakini hapakuwa na mtaalamu wa Ulaya aliyejua kwa yakini mti wake ni wa jamii gani. Mwaka 1763 Forsskål aliukuta mti huo katika Yemen ukiwa na maua, akaueleza, akampelekea mwalimu wake tawi pamoja na barua. Mnamo tarehe 11 Julai mwaka huo huo alikufa kwa homa katika mji wa Yarim. Tawi lilipofika Uppsala, mpelekaji alikuwa amekwisha kuzikwa. Katika wasafiri wote alisalia Carsten Niebuhr peke yake, naye ndiye aliyezitoa karatasi za Forsskål kuwa kitabu mwaka 1775, miaka kumi na miwili baada ya mauti yake. Sehemu ya vielelezo alivyovituma iliharibika kabla haijatunzwa. Linnaeus alimkumbuka kwa kuupa mmea mmoja jina la Forsskaolea tenacissima, yaani unaoshika sana, kwa kuwa Forsskål alikuwa mtu asiyelegeza neno lake.

WASIOANDIKA BARUA

Mpaka hapa waliotajwa ni wale walioshika kalamu. Lakini kila barua ina watu waliosimama nyuma yake. Bartram alipokwenda Onondaga mwaka 1743 alipita katika njia za Wahindi Wekundu na akakaa katika nyumba zao. Lakini hakuwapenda, kwani baba yake aliuawa na Wahindi huko Carolina mwaka 1711, na katika vitabu vya mimea majina ya viongozi wa njia hizo hayamo. Jane Colden, binti wa mkubwa mmoja wa New York, aliieleza na kuichora mimea ipatayo 340 ya nchi yake. Collinson alimsifu kwa Linnaeus katika barua. Hata hivyo kazi yake haikuchapishwa katika maisha yake, naye alifariki mwaka 1766.

Mwafrika mmoja aliyepenya mlango huo ni Kwasi wa Suriname. Alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mwaka 1690, na jina lake ni la Waakan, wampalo mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumapili. Alichukuliwa utumwani Amerika ya Kusini akiwa mtoto. Huko alipata sifa kuwa mganga, hasa kwa dawa chungu ya mti iliyotumika kutibu homa, na baadaye akaachwa huru. Msweden mmoja mwenye shamba la watumwa, Carl Gustaf Dahlberg, aliipata habari ya mti huo na kumpelekea Linnaeus kielelezo. Linnaeus aliuita Quassia amara mwaka 1762, na mwaka uliofuata ikatolewa Uppsala tasnifu nzima juu ya mti huo. Hivyo jina la mtu aliyekuwa mtumwa liliingia katika Kilatini cha wataalamu, nalo limo hata leo.

Hata hivyo habari za Kwasi zisisimuliwe kama hadithi ya furaha tupu. Jina lake lilifika Uppsala kwa kuwa mwenye watumwa ndiye aliyekuwa na njia ya barua. Kwasi mwenyewe hakuwa na njia hiyo. Tena alisaidia serikali ya Wadachi dhidi ya Waafrika waliotoroka mashamba na kuishi huru msituni, na Wasaramaka, ambao ni wazao wa watu hao, humkumbuka kuwa msaliti. Alikufa mwaka 1787, akiwa na heshima kwa Wazungu na laana kwa ndugu zake. Kwa kila Kwasi mmoja palikuwa na wengi waliowaonyesha mabwana zao mzizi, gome au jani, na waliyoyasema yaliandikwa kwa maneno mawili tu: wenyeji husema. Hao hawakukosa elimu. Walikosa mtu wa kulitia jina lao katika barua.

HATIMA YA KARATASI

Linnaeus alifariki mwaka 1778. Mwaka 1784 jamaa zake waliuza vitabu vyake, barua zake na vielelezo vyake kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith, kwa paundi elfu moja na ushei. Husimuliwa kwamba mfalme wa Sweden alituma meli ya vita kuifukuza meli iliyobeba mali hiyo. Lakini wachunguzi wameona kuwa hadithi hiyo haina msingi. Smith aliunda chama cha wataalamu mwaka 1788, na mali ile ipo London mpaka leo. Mtaalamu wa Afrika, wa Asia au wa Amerika anayetaka kujua kwa yakini Linnaeus aliukusudia mmea gani alipolitoa jina fulani, hurejea kwenye jani lile lile lililochumwa na kukaushwa na mtu wa karne ya kumi na nane. Barua zilizokuwa za watu wawili zimekuwa ushahidi wa watu wote.

Bartram alikufa mwaka 1777, wakati wa vita vya uhuru wa Amerika. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, katika safari aliyoifanya kwa ajili ya mfalme, yeye na mwanawe William waliona kando ya mto Altamaha katika Georgia mti mdogo wasioujua. William alirudi huko baadaye akachukua mbegu zake, akazipanda katika bustani ya baba yake. Mti ule uliitwa Franklinia alatamaha, kwa heshima ya Benjamin Franklin, na jina hilo likachapishwa mwaka 1785. Tangu mwaka 1803 hakuna aliyeuona tena ukiota porini. Miti yote ya aina hiyo iliyomo duniani leo ni uzao wa mbegu zile zilizofika Kingsessing, kisha zikagawanywa kama zilivyogawanywa nyingine zote: ndani ya karatasi, pamoja na barua.